Fourche Aliyoileta Baba Mkwe

Ufa ule niliuona kwa mafuta ya taa na chaki. Binti yetu alikuwa ameniambia kwamba trottinette yake, ule ubao wa magurudumu mawili wenye usukani, inagonga kila anapotua, nami nikadhani ni beringi, kwa sababu vumbi la kiangazi hapa Likasi ni jembamba kama unga na huingia hata mahali ambapo grisi hukataa kuingia. Nikafungua sehemu ya mbele, nikaosha kila kitu. Beringi zilikuwa nzima. Ndipo nikachukua fourche, yaani ule uma wa chuma unaoshika gurudumu la mbele kwa miguu miwili, kisha hupanda kwa shina moja hadi kwenye usukani. Nikaipaka mafuta ya taa, nikaifuta mpaka ikakauka, nikaipaka unga wa chaki na kuiweka dirishani. Nilipomaliza kunywa chai, mstari mweusi mwembamba kama unywele ulikuwa umejichora juu ya chaki, pale mguu wa kushoto unapoungana na shina. Mafuta yalikuwa yamejificha ndani ya ufa, sasa yalikuwa yanatoka.

Sikuwa na sababu ya kumficha mke wangu. Yeye ni mshonaji, mimi ni mtengenezaji wa vyerehani, na tunafanya kazi chumba kimoja cha mbele, yeye upande wa mwanga, mimi upande wa meza ya vyuma. Aliweka kitambaa chini, akauangalia ule mstari kwa muda.

"Hii inafanya nini?"

"Itavunjika."

"Siku gani?"

"Siku ile ataruka juu sana."

"Bon." Akaokota kitambaa chake. "Basi ile kinga bila kiti inapanda juu ya armoire. Ukipata fourche yenye iko muzuri kabisa, inashuka. Usipopata, mudogo yangu akikuya anaibeba, anairudisha kwao Bulaya. Minye sizae meno yake mara ya pili."

Kinga, kwetu, ni baiskeli, kama vile minye ni mimi, njo ni ndiyo, na mais ya Kifaransa ni lakini. Kinga bila kiti ndilo jina ambalo majirani waliipa trottinette ile tangu ilipofika kutoka Ubelgiji, zawadi ya mdogo wa mke wangu. Si ile ya watoto wadogo inayokunjwa na kubebwa mkononi. Hii haikunjwi. Ubao wake ni mfupi, magurudumu yake ni madogo na magumu, na imetengenezwa kwa ajili ya kuruka nayo. Binti yetu alijifunza peke yake, akitazama video kwenye simu ya mama yake, kisha akienda kujaribu kwenye sakafu ya sementi iliyobaki baada ya depo moja ya zamani kubomolewa, karibu na reli. Siku ya kwanza nilipomwona akiruka, akaupiga ubao teke, ukazunguka chini yake kuifuata fourche kama mlango unavyofuata bawaba, kisha akaukanyaga tena kabla ya kugusa chini, nilisahau nilikuwa nimetumwa kununua nini.

Ni lazima niseme kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa. Binti yetu ni mtoto wa maneno machache. Shuleni walimu walikuwa wakimaliza muhula bila kuijua sauti yake, na nyumbani ukimuuliza kitu hujibu kwa nyusi. Lakini kule kwenye sementi huitwa, huulizwa, hubishana, hucheka kwa kinywa wazi. Nilikuwa nikipita na mkoba wangu wa kazi nasimama nyuma ya ukuta uliovunjika, si kwa ajili ya kumchunga, bali kwa ajili ya kumsikia. Trottinette ilipopanda juu ya armoire, yaani kabati letu, sauti ile nayo ilipanda. Alirudi kwenye nyusi zake. Hakulia wala hakulalamika. Alifagia ua vizuri kupita kawaida, na mimi sikupenda kuuona ule ua safi.

Basi nikaanza kutafuta fourche.

Sikusoma ufundi shuleni. Vyerehani nilijifunza kwa karatasi za maelezo zilizokuwa zimesahauliwa ndani ya droo zake, na kwa kufungua, kuchora, kufunga tena. Hii nayo niliisoma hivyo hivyo. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba fourche mbili zinaweza kufanana kama mapacha na moja isiingie. Unaanza na unene wa shina, maana shina linapita katikati ya beringi, na beringi hazina huruma: shina nene halipiti, shina jembamba linacheza. Nilipima la zamani nikapata jibu lisiloeleweka, kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa nimepima na rangi yake. Nikakwangua, nikapima tena. Baada ya hapo unatazama kama shina ni laini au lina nyuzi za skrubu, kwa maana zile zenye nyuzi ni za trottinette za kutembelea tu. Halafu kuna gurudumu. Miguu ya fourche iwe na nafasi ya kutosha juu ya gurudumu na pembeni yake, na matundu ya chini yalingane na ekseli. Mtu akiona gurudumu limeingia hufurahi, hakagui kama linagusa likishalemewa.

Mwisho ni urefu wa shina, na huu ndio uliokuja kutusumbua. Shina linapaswa kupita beringi zote mbili, kutokea juu, na kufika ndani kabisa ya kibano kinacholishika pamoja na usukani. Likiwa fupi, kibano kinashika ncha tu. Likiwa refu, usukani unakaa juu yake kabla kibano hakijakaza kitu. Kwa hiyo fourche mpya huja na shina refu makusudi, ili kila mtu akate kufuata trottinette yake.

Nikamwandikia shemeji yangu kule Ubelgiji vipimo vyote, naye akanunua, akampa msafiri aliyekuwa anakuja Lubumbashi, na kutoka huko ikafika. Ilikuwa nyepesi, ya kijivu, isiyo na majivuno. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa urefu, ambao ulikuwa wangu kukata. Nikaiweka kwenye droo ya vipuri. Nilisema nitakata nikipata siku yenye utulivu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikifungua droo, naitazama, nafunga. Sindano ikikatika unanunua nyingine. Shina hili, nikilikata vibaya, lingenirudisha mwanzo.

Kabla siku hiyo ya utulivu haijafika, alifika baba mkwe.

Baba mkwe wangu alikuwa ajusteur, fundi wa kufanya vyuma viingiliane, kwenye karakana ya kiwanda mpaka alipostaafu. Anakaa upande wa Panda. Mimi na yeye tunapendana, lakini tunapendana kwa njia ya buko, ule ukwe wa kwetu wenye heshima ya umbali. Sikai kwenye kiti kinachotazamana na chake. Simpi mkono mpaka anyooshe wake kwanza. Jambo zito halitoki kinywani mwangu likaingia moja kwa moja sikioni mwake. Hupitia kwa mke wangu, ambaye hulirudia hata kama sote watatu tuko chumba kimoja na tumelisikia. Sisi hatuoni ajabu. Maneno yakizunguka kidogo hupoa. Lakini kuna neno ambalo hata kwa kuzunguka halipiti: mkwe hamwambii baba wa mke wake kwamba kazi yake ina kosa.

Na mjukuu? Mjukuu ni mambo mengine kabisa. Kambo, babu, na mjukuu wake ni rika moja. Wanataniana, wanatukanana, wanaibiana karanga. Binti yetu, ambaye hasemi na watu, humwita babu yake kamarade, na humwambia mbele ya wageni kwamba masikio yake yamekua kwa sababu kichwa kimeacha kukua.

Mzee alikuja Jumamosi asubuhi akiwa na kifurushi cha kitenge kikuukuu chini ya kwapa. Aliketi, akaomba maji, akanywa yote.

"Ambia bwana yako," alimwambia mke wangu, "nimesikia kinga ya kamarade yangu iko mugonjwa."

"Baba anasema amesikia," mke wangu aliniambia, nikiwa nimekaa hatua chache kutoka kwao.

"Mwambie ni kweli, na tunamshukuru," nilisema.

Mzee akafungua kitenge. Ndani mlikuwa na fourche nyeusi, yenye miguu minene, inayong'aa kama sufuria mpya. Aliikuta sokoni, kwenye rundo la vitu vya occasion, vilivyokwisha kutumika, akaitambua.

"Nimepima na ile vipimo ulinipatia," alimwambia mke wangu. "Unene: sawa. Gurudumu: inaingia. Ekseli: inaingia. Na ni chuma, haiko bati ya kopo. Ambia bwana yako apime naye, kesho asiseme muzee haone tena."

Nikachukua pied à coulisse yangu, kile kipimo cha taya mbili, nikapima. Kila alichosema kilikuwa kweli mpaka kwenye mstari wa mwisho. Hata urefu wa shina ulikuwa sahihi, kama vile fourche ile ilizaliwa kwa ajili ya trottinette yetu. Nilifurahi kwa moyo wote. Kisha, kwa mazoea ya kazi, nikaielekeza mlangoni nikachungulia ndani ya shina, nione kama limenyooka.

Ndani, vidole vitatu kutoka juu, palikuwa na duara la kivuli. Baada ya duara hilo rangi ya chuma ilibadilika.

Nikapitisha ukucha kwa nje. Ukucha haukukwama popote.

"Ambia bwana yako asitafute kiungo," mzee alisema, na meno yake yote yaliyobaki yakaonekana. "Hatakiona. Ilikuwa mufupi. Ule mwenye alikuwa nayo mbele alikata sana. Njo nimeirefusha. Nimengoyea courant mpaka irudi, nikapiga soudure, nikapitisha ku tour. Lelo hata minye sijue kipande inaanzia wapi." Soudure ni kuchomelea, na tour ni mashine ya kukereza chuma.

"Baba, weye!" Mke wangu alipiga makofi. "Weye haukazeeke!"

"Soudure yangu haivunjike. Itavunjika chuma ya pembeni, mais soudure, jamais."

Maneno hayo kila mtu wa Likasi ameyasikia. Mafundi wetu huyasema kama wengine wanavyoapa. Mji huu umelelewa na viwanda, na vipuri vyake vilikuwa vikitoka mbali au havitoki kabisa, kwa hiyo kifupi kilirefushwa, chembamba kilivikwa pete, kilichovunjika kiliungwa kikarudi kazini jioni ile ile. Mimi mwenyewe nakula kwa sababu ya akili hiyo. Nusu ya vyerehani ninavyovitunza vinatembea kwa vipande vilivyozaliwa hapa. Hivyo maneno yale huingia masikioni mwetu kama dhamana. Nilikuwa nimeyasikia maisha yangu yote bila kuyapima. Jumamosi ile, nikiwa na shina mkononi, niliyapima kwa mara ya kwanza, nikaona kwamba sehemu yake ya pili ni kweli tupu. Kiungo hakivunjiki. Kinachovunjika ni chuma cha pembeni, kilichopikwa na moto kikapoteza ukakamavu wake. Na pembeni ya kiungo hiki palikuwa hapo hapo chini ya kibano, mahali ambapo shina hupindishwa kila binti yetu anapotua.

Mzee aliomba niifunge. Nikaifunga, kwa sababu mkwe hakatai. Iliingia bila kucheza hata kidogo.

"Armoire imeshindwa," mke wangu alisema.

"Kesho nyuma ya misa nakuya kuona," mzee alisema, akakunja kitenge chake.

Alipoondoka nilimweleza mke wangu. Alikuwa anapima mkono wa koti, na pini zilikuwa midomoni mwake, kwa hiyo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazitoa moja moja.

"Kitanda yetu, nani alipiga soudure?"

"Baba."

"Mulango ya barabara? Braséro ya makaa? Ile kiti ya mama yenye askofu alikalia?"

"Baba."

"Kipi kilivunjika?"

"Hakuna. Lakini kitanda hakiruki."

Alikaribia kucheka, akajizuia. "Iko yako mu droo, ni kweli. Mais ya baba imeingia. Ulisema mwenyewe kila kipimo ni sawa. Sasa unataka nimwambie nini? Ati mukwe anakataa mukono yake?"

"Simkatai."

"Basi umwambie weye."

"Unajua siwezi."

"Na minye siwezi. Alitafuta ile kintu na miguu yake ya kuuma." Akarudisha pini midomoni, na mazungumzo yakaishia hapo. Sikuwa na hasira naye. Amelelewa chini ya paa ambalo kila msumari wake uliwekwa na baba yake, na hakuna hata mmoja uliomwangukia.

Binti yetu alikuja mchana, akakuta trottinette imesimama wima, akaizunguka mara mbili bila kuigusa, kama mtu anayeogopa kuiamsha. Nilimwita kwenye meza yangu. Chini ya meza nina sanduku la vipande vilivyokufa. Wateja wangu wa Kambove na wa njia ya Mulungwishi wanatumia vyerehani vya miguu, kwa maana umeme hawautegemei, na cherehani cha miguu kina ufito wa chuma unaounganisha kanyagio na gurudumu kubwa. Ufito huo huvunjika, mwenyewe huupeleka kwa mchomeleaji, hurudi kazini, huvunjika tena, na hapo ndipo huletwa kwangu. Nikatoa fito tatu nikazipanga mezani.

"Onyesha soudure ziko wapi."

Akagusa uvimbe wa kila mmoja. "Hapa. Hapa. Na hapa."

"Zimevunjika?"

"Hapana."

"Zilivunjikia wapi?"

Akainama karibu zaidi. Fito zote tatu zilikuwa zimekatika upana wa ukucha mmoja kutoka kwenye kiungo.  Kisha akageuka akaitazama trottinette, nami nikamwonyesha kwa kidole mahali penyewe, chini ya kibano.

"Ulimwambia kambo?"

"Ni muko wangu, buko inakataza."

"Baba!" Akacheka, na ilikuwa ile sauti ya kwenye sementi, ndani ya nyumba yangu. "Unaogopa buko kupita meno yangu?"

"Sina njia ya kumwambia."

"Minye iko na njia." Akachukua ufito mmoja, akaufuta kwa sketi yake.

Sikumtuma. Baba hamtumi mtoto kumsahihisha mzee. Lakini ufito ule ulikuwa wangu na sikuuomba unirudie.

Jumapili mzee alikuja na suti yake ya kijivu, viatu vimeng'arishwa. Mke wangu alimwekea kiti uani. Trottinette ilikuwa katikati, imeegemea ukuta, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni kama ipasavyo. Binti yetu alitoka nje, akamsalimu babu yake kwa magoti, akainuka, na heshima ikaishia hapo.

"Kamarade, umekula nini leo? Tumbo imetangulia kufika."

"Wivu," mzee alisema. "Weye hauna hata tumbo ya kukamatia mukaba. Panda juu ya kinga, tuone."

"Ntapanda. Mais kwanza maswali. Soudure yako haivunjike?"

"Haivunjike."

"Njo inavunjika nini?"

"Chuma ya pembeni."

Akaweka ule ufito kwenye magoti ya babu yake, juu ya suti.

Mzee aliushika. Mkono wake ulijua kitu kile kabla ya macho. Aliupeleka mwangani, akaugeuza, akatafuta uvimbe wa kiungo, akapitisha kidole gumba kutoka hapo hadi kwenye ncha iliyokatika. Haikuwa mbali.

"Hii nani alichomelea? Haiko minye."

"Haiko weye. Ya weye iko mule." Akaonyesha chini ya kibano. "Kambo, soudure yako ni ya nguvu, najua. Haitavunjika. Mais pembeni yake njo minye."

Hakuna aliyecheka. Mke wangu alikuwa ameshika sahani ya karanga na hakujua aiweke wapi. Mimi nilitazama viatu vya mzee, ambavyo ndivyo mahali pangu pa kutazama.

"Nani alikufundisha hii?" mzee aliuliza hatimaye.

"Chuma yenyewe."

"Na baba yako anasema nini?"

"Baba anakuogopa."

"Haniogope. Ananipatia heshima." Alimgeukia mke wangu. "Ambia bwana yako aseme." Kisha, kabla mke wangu hajafungua kinywa, akainua mkono. "Hapana. Acha. Aseme yeye, na kinywa yake. Lelo haiko mambo ya buko, ni mambo ya chuma. Aseme kama tuko mu atelier."

Hivyo nilisema. Nilisema polepole, nikiyaelekea yale magoti yenye suti. Nilisema kwamba vipimo vyake vyote vilikuwa sahihi na kwamba sijaona kiungo kilichopitishwa kwenye tour vizuri namna ile. Nilisema kwamba kwenye lango au kitandani kingeishi kutuzidi sote. Nilisema shina la trottinette halibebi mzigo uliotulia. Linapigwa, linapinda, linarudi, kila mara, na linapinda hasa pale palipopikwa na moto. Na kwamba siku litakapokatika hakutakuwa na dalili, kwa sababu litakatika ndani ya bomba la beringi, mahali ambapo chaki yangu haifiki. 

Mzee aliitazama fourche yake nyeusi. Alikuwa akiuviringisha ufito kati ya viganja.

"Unafikiri sijue hiyo?" alisema. "Ku kiwanda, ekseli ya mashine ikivunjika, hatukupiga soudure. Tulitupa. Soudure ni ya kintu yenye haitembee." Akapumua. "Nilifurahi sana juu iliingia."

Kisha akauliza, "Ya kwako iko wapi?"

Sikujua kwamba alijua. Nilimtazama mke wangu, mke wangu akazitazama karanga.

Nikaileta fourche ya kijivu kutoka kwenye droo. Mzee aliipima uzito mkononi, akakunja uso kwa wepesi wake, akachungulia ndani, akaipigapiga kwa ule ufito na kuisikiliza. Akaomba pied à coulisse. Akapima alivyopima ile yake, kwa mpangilio ule ule, akiuma ulimi. Binti yetu alikuwa amechuchumaa karibu naye.

"Sawa," alisema. "Sawa. Sawa. Mais murefu! Ulikuwa unangoyea ijikate?"

"Nilikuwa naogopa kukata, Baba."

"Na weye ukikata mubaya, ungeniita nikuye nirefushe?"

Mke wangu ndiye aliyeanza kucheka, kisha binti yetu, na mimi nikainamisha kichwa zaidi ili buko isione uso wangu. Mzee alivua koti, akampa mjukuu wake alishike.

"Lete msumeno. Lete lima. Mungu atafunga jicho moja, ni Jumapili."

Kwanza aliifungua ile fourche nyeusi kwa mikono yake mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Aliiweka juu ya kitenge chake, akakunja pembe nne, akaiweka chini ya kiti. Kisha tukaanza. Tulifunga ile ya kijivu bila kukata, tukaweka beringi, tukaweka kibano na usukani pembeni, nikapima mimi, akapima yeye. Tulitofautiana kwa unene wa karatasi. Alisema nimepima kama mtu wa sindano. Nilisema, kwa heshima zote, kwamba amepima kama mtu wa madaraja. Ilikuwa mara ya kwanza kumtania. Aliinua macho, akaona kwamba nimejishtukia, akaendelea kuchora mstari.

Sikuwahi kuwaza jinsi ya kukata bomba likawa sawa pande zote. Yeye alichukua vibano viwili vya mpira wa maji, akavifunga kwenye shina, kimoja huku na kingine huku, akaacha kati yao nafasi ya kupita msumeno tu. Msumeno haukuwa na mahali pa kupotelea. Alikata kwa pumzi ndefu, akigeuza shina kidogo kidogo, na kipande kilipoanguka aliendelea na lima, nje na ndani, mpaka kidole cha binti yetu kilipozunguka ukingo bila kukwaruzwa.

"Iko muzuri?" alimuuliza.

"Iko ya muzee," alijibu. "Mais iko muzuri."

Tulikwenda kwenye sementi sote wanne, mzee akiwa amemshika mjukuu wake bega, trottinette ikisukumwa mbele yao. Mke wangu alitembea nyuma nami.  Watoto waliokuwa pale walisogea walipoona suti.

Mke wangu ndiye aliyekuwa ametoa hukumu, kwa hiyo tulimngoja yeye. Aliutoa mkono wake ndani ya kitenge, akashika usukani, akabana gurudumu la mbele kati ya magoti kama alivyoniona mimi nikifanya, akasukuma na kuvuta kwa nguvu zake zote. Hakuna kilichogonga. Akasukuma tena. Aliangalia chini ya kibano, mahali pale, ingawa hapakuwa na cha kuona, akapagusa kwa kidole.

"Enda," alisema.

Binti yetu alikwenda mpaka mwisho wa sementi, akageuka, akaja mbio. Aliruka pale palipo na ukingo. Ubao ulimtoka miguuni ukazunguka, na kwa kitambo hapakuwa na kitu chini yake isipokuwa hewa na kile chuma cha kijivu. Kisha ubao ukarudi, akaukanyaga, magurudumu yakapiga sementi kwa sauti moja. Wenzake walipiga kelele jina lake. Mzee hakuwa amemtazama mjukuu wake hata kidogo, alikuwa ametazama kibano.

Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Akavishusha.

"Sikuone muzuri," alimwambia binti yetu. "Rudilia."